Kwa nini nakshi ya jani hufutika kwenye baadhi ya ngozi

MNUNUZI wa mkoba wa ngozi uliochongwa majani au maua kwa mkono hutazama nakshi. Fundi mzoefu hutazama kwanza namna ngozi ilivyosindikwa, kwa kuwa hapo ndipo huamuliwa iwapo jani hilo litadumu au litafutika kabla mkoba haujachakaa.

Ngozi nyingi duniani leo husindikwa kwa chumvi za kromu. Kazi hiyo huweza kumalizika kwa takriban siku moja, na ngozi hutoka laini na yenye kunyumbuka. Hufaa sana kwa makoti na viatu vyororo. Lakini ikigandamizwa hurudi ilivyokuwa, na fundi aliyeshinda akiichora huambulia mistari hafifu.

Njia ya kale hutumia tanini, dawa iliyomo kwenye magome ya miti. Nchini Tanzania gome mashuhuri ni la mwati, mti wenye asili ya Australia uliopandwa Njombe, ambako Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949. Kwa njia hiyo ngozi huweza kulowekwa wiki kadhaa, hata miezi, ndiyo maana bei yake huwa juu. Tanini hujaza nafasi baina ya nyuzi za ngozi, nayo hutoka ngumu kiasi, ya rangi ya kahawia, na yenye kunywa maji.

Unywaji huo ndio unaowezesha nakshi. Fundi huilowesha ngozi kwa sifongo hadi ilainike kama udongo wa mfinyanzi, akakata mistari ya jani kwa ncha ya kisu bila kuzidi nusu ya unene, kisha akagongagonga kando ya mistari ili jani liinuke. Wapo wanaofuata njia fupi, nayo si ya kudharauliwa: hulaza jani bichi la mpera, upande wenye mishipa ukiwa chini, na kuligandamiza. Ngozi ikikauka, alama za mishipa husalia. Chuma chenye kutu tu kisiiguse ingali na majimaji, maana kikikutana na tanini huacha doa jeusi.

Sokoni, ngozi hizo mbili zikishapakwa rangi hufanana. Ambayo haijapakwa rangi wala nta hujaribiwa kwa tone la maji: ya magome hulinywa na kuiva rangi mahali hapo. Ukingo uliokatwa nao husaidia, kwani ya magome huwa kahawia hadi katikati, ilhali ya kromu mara nyingi huonyesha kijivu chenye ubuluu.