Miti ya Nyanda za Juu za Karatu na Ngorongoro (2): Jamaa wa Elmi Aliyehamishwa Familia

Elmi, yaani miti ya jenasi ya Ulmus iliyozoeleka katika misitu na kando ya barabara za Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, haina asili katika misitu ya Tanzania. Hata hivyo, kwa muda mrefu wanabotania waliuweka katika familia hiyohiyo mti mmoja wa Afrika ambao eneo lake la asili huanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na ambao hustawi katika misitu ya milimani, kama ile inayomkaribisha msafiri anapopanda kutoka mashamba ya Karatu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, kuelekea ukingo wa kreta ya Ngorongoro unaopita mita 2,200. Mti huo ni Celtis africana, uliopewa jina hilo na mwanabotania Burman mwaka 1768.

Undugu huo ulijengwa zaidi juu ya jani. Bapa la jani, yaani sehemu yake pana, limepinda kitakoni: upande mmoja huanza chini zaidi kwenye kikonyo kuliko mwenzake, na hiyo ndiyo alama mashuhuri ya elmi. Majani ya miti yote miwili hupishana kitawini, na maua yake ni madogo, hayana petali, wala hayana mvuto kwa macho. Lakini jani hilohilo, likigeuzwa na kukaguliwa kwa makini, hutoa ushahidi wa kinyume, kwa kuwa katika Celtis africana mishipa mitatu mikuu huchipuka pamoja kitakoni na meno ya ukingo huonekana sehemu ya juu tu, ilhali jani la elmi lina mshipa mmoja wa kati unaotoa mishipa mingi ya pembeni inayokwenda sambamba hadi ukingoni, ambako kwa kawaida kila jino kubwa hubeba meno madogo.

Tunda linatofautiana zaidi. La elmi ni bapa kavu, jembamba kama karatasi, lenye mbegu moja iliyozungukwa na bawa, nalo husafirishwa na upepo. La Celtis africana ni kitufe chenye nyama na kokwa, hakifiki sentimita moja, huning'inia kwenye kikonyo chembamba na hugeuka manjano kikiiva, na ndege ndio hulila na kuzisambaza kokwa zake. Gome lake ni laini, la kijivu hafifu. La elmi nyingi hupasuka mifereji.

Kitabu cha mwanabotania Polhill cha mwaka 1966, katika mfululizo wa mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, bado kiliuorodhesha mti huu chini ya Ulmaceae, familia ya elmi. Uchunguzi wa vinasaba ndio uliouhamishia Cannabaceae mwanzoni mwa karne ya 21, pamoja na mti wa mpesi, na hivyo kuukalisha na bangi na hopsi inayotia bia uchungu. Undugu huo, msomaji asishtuke, ni wa nasaba, si wa kulevya. Kwa hiyo lebo za zamani katika hifadhi za mimea iliyokaushwa hazina budi kusomwa kwa tahadhari.

Anayetaka kuiona familia halisi ya elmi katika ukanda huu itamlazimu aende magharibi, katika misitu ya Uganda na Kongo, ambako Holoptelea grandis bado huangusha matunda yenye mabawa.