Menyu ya tarakilishi nayo ina ngeli zake

Kila anayefundisha Kiswahili anajua kwamba kuainisha si kazi ya mapambo. Nomino "kijana" na "kifaru" zinaanza kwa ki- sawa na "kitabu" na "kiti", lakini hatusemi "kijana kimefika". Twasema "kijana amefika". Ndiyo sababu katika shule zetu ngeli hutajwa kwa upatanisho, A-WA, KI-VI, LI-YA, badala ya kutegemea kiambishi cha nomino peke yake. Neno huwekwa katika ngeli kwa kutazama linavyotenda kazi katika sentensi, wala si kwa kutazama vazi lake.

Kanuni hiyo hiyo, kwa maoni yangu, yafaa kuongoza jambo ambalo aghalabu hatulitilii maanani: mpangilio wa programu katika menyu ya tarakilishi za shule.

Windows 95 ilipotolewa mwezi Agosti 1995, menyu yake iliwaachia watengenezaji wa programu wajiwekee folda zao wenyewe. Mara nyingi folda hizo zilibeba jina la kampuni. Aliyetaka kuchora picha ilimbidi kwanza ajue ni kampuni gani iliyounda programu ya kuchorea. Huko ni kuainisha kwa vazi.

Kwa upande wa Linux, mradi wa freedesktop.org, ulioanzishwa mwaka 2000, ulileta utaratibu mwingine. Programu huja na faili ndogo ya maandishi inayotaja jina lake, picha yake na makundi yake. Makundi makuu ni 13, miongoni mwake elimu, michezo, michoro, sayansi, mtandao na ofisi. Menyu husoma faili hizo na kuipeleka kila programu penye kazi yake. Programu moja yaweza kutajiwa makundi mawili. LibreOffice Draw, kwa mfano, imo katika ofisi na imo katika michoro, kama vile "ndege" alivyo wa A-WA arukapo kwa mbawa zake, na ilivyo ya I-ZI ibebapo abiria.

Hata hivyo, utaratibu huo haumwondolei mwalimu wajibu. Neno "ofisi" lina maana kwa karani. Kwa mwanafunzi, ofisi ni mahali anapoitwa akikosa. Atajuaje kwamba insha yake huandikiwa humo? Isitoshe, programu isiyotajiwa kundi lolote hutumbukizwa katika "Nyinginezo", na kundi hilo likinenepa ni dalili kwamba mwainishaji amechoka kabla ya kazi kwisha.

Wapo watakaodai kwamba makundi yamepitwa na wakati, maadamu siku hizi mtu huandika jina la programu na kuipata papo hapo. Hoja hiyo ina nguvu kwa ajuaye jina. Lakini ni nini katika jina "GIMP" kinachomwambia mtoto kwamba hapo hurekebishwa picha? Ni nini katika "Audacity" kinachomwambia kwamba hapo hurekodiwa sauti? Mwenye tarakilishi nyumbani huenda ameyazoea majina hayo. Asiyekuwa nayo hukutana nayo darasani kwa mara ya kwanza, pengine kwa kipindi kimoja tu kwa juma. Dakika zikipotea katika kutafuta mlango, yeye ndiye apunjwaye. Menyu iliyopangwa vyema humjibu bila kumwaibisha mbele ya wenzake, tena humwonyesha hata kile ambacho hakujua kwamba kipo.

Napendekeza basi, walimu wenzangu, kwamba makundi katika tarakilishi za shule yasizidi sita au saba, na yapewe majina ya vitenzi-jina: Kuandika, Kukokotoa, Kuchora, Kusikiliza, Kusoma, Kutafiti. Kihariri cha menyu kama MenuLibre huwezesha hayo bila kuigusa programu yenyewe. Wanafunzi nao washirikishwe. Watetee kwa hoja kwa nini programu fulani iwekwe hapa wala si pale, kama wanavyotetea ngeli ya nomino. Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa alasiri moja, na faida yake ataipata kila mwanafunzi atakayeketi hapo baadaye akiwa hajui jina la anachokitafuta.