Kidonge Kimebadilika Rangi: Je, Ni Dawa Ileile?

(MUZIKI WA KUFUNGUA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunawazungumzia wenzetu wanaotumia dawa kila siku: wenye presha, kisukari, kifafa au pumu. Umezoea kidonge cheupe. Safari hii unapewa cha manjano, kwenye boksi usilolijua. Utafanyaje? Twende kwenye dirisha la dawa.

(SAUTI ZA WATU WAKISUBIRI)

MTOA DAWA: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Lakini hapa umekosea. Dawa yangu ya presha ni nyeupe.

MTOA DAWA: Naomba kadi yako, tuangalie pamoja. Daktari ameandika Amlodipine, miligramu 5. Na boksi hili limeandikwa Amlodipine, miligramu 5. Dawa ni ileile, kiwanda ndicho kimebadilika.

MAMA: Na zile nyeupe zilizobaki nyumbani? Nimeze zote pamoja?

MTOA DAWA: Hapana, mama! Maliza kwanza za zamani, ndipo uanze hizi. Ukizichanganya, presha inaweza kushuka mno, ukapata kizunguzungu hata ukaanguka.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Umesikia, msikilizaji? Dawa moja inaweza kuwa na majina mawili. Kuna jina la dawa yenyewe, na kuna jina la biashara ambalo kiwanda kimeipa. Kwa mfano, Norvasc ni jina la biashara la Amlodipine. Tangu mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani hutoa orodha ya dawa muhimu, na humo dawa huandikwa kwa jina lake lenyewe. Mashirika yanayohudumia wakimbizi hufuata mtindo huo huo, kwani hurahisisha kupata dawa nzuri kwa bei nafuu. Ndiyo maana mzigo mpya ukifika, boksi na rangi vinaweza kubadilika.

Hatari iko wapi? Mmoja huona rangi ngeni, akaacha dawa. Presha haipigi hodi: hupanda kimyakimya, na siku moja inaleta kiharusi. Mwingine humeza ya zamani na mpya kwa pamoja. Wote wawili walihitaji kuuliza swali moja tu.

Basi, kila unapopokea dawa, uliza mambo manne: Hii inaitwaje? Ni ya ugonjwa gani? Nimeze kiasi gani, saa ngapi? Nirudi lini? Kama husomi, nenda na mtu anayesoma, au mwombe mtoa dawa akuchoree jua na mwezi kwenye pakiti. Na kama jina au miligramu hazilingani na kadi, usimeze kwanza. Uliza papo hapo.

Usimgawie jirani dawa yako, hata kama naye ana presha. Yake hupimwa na mganga wake.

Na wewe unayehamishwa kambi au uliyejiandikisha kurudi nyumbani, pita kliniki kabla ya siku ya safari. Omba maandishi ya matibabu yako na dawa za kukutosha njiani. Kadi hiyo ibebe mkononi, usiifunge ndani ya mizigo.

Rangi hubadilika, msikilizaji. Wewe shika jina. Hadi wiki ijayo, kaa salama.

(MUZIKI WA KUFUNGA KIPINDI)