Istilahi za Uvuvi wa Mshipi: Samaki wa Ziwa Erie

Miongoni mwa maandishi yanayohitaji kufasiriwa kwa Kiswahili siku hizi ni kanuni za uvuvi na matangazo ya afya ya Amerika ya Kaskazini. Wasemaji wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo, wamefanya makazi katika miji ya Buffalo na Erie, kandokando ya Ziwa Erie, ambako kuvua kwa mshipi ni shughuli ya watu wengi. Samaki anayesifika sana huko huitwa walleye. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini jina hilo, pamoja na maneno yanayoambatana nalo, yanahitaji uangalifu.

Mfasiri mwenye haraka aweza kuandika "sangara". Neno hilo halifai. Sangara wa Ziwa Victoria aweza kufikia kilo 200, ilhali walleye wa kilo 5 tayari huhesabiwa kuwa mkubwa. Tena samaki hawa ni wa jamii mbili mbalimbali. Kulitohoa jina la kitaalamu, Sander, nako kungetupatia "sanda", na hakuna asiyejua maana ya neno hilo. Sehemu ya pili ya jina la kitaalamu, vitreus, ina maana ya "-a kioo". Jicho la samaki huyu lina utando unaorudisha nuru, kama lilivyo jicho la paka, naye huona vyema katika mwanga hafifu. Kwa hiyo tunapendekeza "jichokioo". Istilahi hii yafunza pia: jichokioo hutafutwa alfajiri, magharibi na usiku, au mchana ambapo mawimbi yameyachafua maji.

Yafaa ikumbukwe kwamba upande wa Kanada samaki huyo huyo mara nyingi huitwa pickerel, jina ambalo kwingineko ni la samaki wengine kabisa. Mfasiri ahakikishe kwanza ni samaki yupi anayetajwa.

Kuhusu njia za uvuvi, lugha yetu haina upungufu mkubwa. Jichokioo hutaga mayai penye mawe na changarawe majira ya baridi yanapokwisha. Kisha wengi wa majike wakubwa huelekea mashariki ya ziwa, kwenye maji ya kina. Wavuvi huwafuata kwa kurambaza, yaani kuukokota mshipi nyuma ya chombo kiendacho polepole. Wavuvi wa pwani yetu wanalo neno hilo tangu zamani, kama walivyo na chubwi kwa risasi ya kuzamisha mshipi. Chambo huwa nyungunyungu au samaki wa bandia. Kifaa kisicho na jina ni ubao unaouvuta mshipi pembeni, ili chambo kipite mbali na mashua inayowashtua samaki. Huo twauita "ubao wa kando".

Neno gumu kuliko yote ni lile linalomhusu samaki mkubwa wa kujivunia. Kwa wawindaji tumezoea "nyara". Lakini katika sheria za Tanzania "nyara za Serikali" ni pembe, ngozi na viungo vingine vya wanyamapori, na kuwa navyo bila kibali ni kosa. Ofisa atakayesoma kwamba mvuvi "amepata nyara" aweza kuelewa jambo jingine. Twapendekeza "samaki wa sifa".

Tofauti hizi si za mapambo. Mwaka 1970 zebaki iligunduliwa katika samaki wa Ziwa Erie, na uvuvi wa jichokioo ukafungwa kwa muda katika sehemu za ziwa hilo. Hata leo matangazo ya afya huweka mipaka ya ulaji, hasa kwa wajawazito na watoto, kwa kuwa zebaki hujilimbikiza mwilini mwa samaki kadiri anavyozidi kukua. Samaki wa sifa, basi, ndiye asiyefaa kuliwa mara kwa mara. Na kwa kuwa aghalabu ni jike mwenye mayai maelfu kwa maelfu, wavuvi wengi humrudisha majini. Mama aliyekulia Uvira au Kalemie akisoma "sangara" atamkumbuka sangala wa Ziwa Tanganyika aliyemla tangu utotoni, wala hatajua kwamba onyo lamhusu samaki aliyemo jikoni mwake.