Barua Pepe ya Mvua Kila Jioni kutoka Kompyuta Yako

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na taka kwenye mtaro ulio chini ya reli, upande wa Old Kijabe, yalipasua njia na kusomba nyumba katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya watu 40 walifariki. Maji yalifika watu wakiwa wamelala, ndiyo maana habari za mvua zina faida zikipatikana jioni.

Mkazi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuiachia mashine kazi hiyo. Kinachohitajika ni skripti, yaani faili fupi ya maagizo. Skripti husoma utabiri kutoka huduma kama Open-Meteo, isiyotoza ada kwa matumizi ya kibinafsi, kisha hukutumia barua pepe. Muda hupangwa kwa cron kwenye Linux, au Task Scheduler kwenye Windows. Kompyuta haihesabu saa kama sisi: saa kumi na moja jioni huandikwa 17:00.

Usitazame mvua ya mjini pekee. Maji yetu hushuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa, kwa hivyo weka pia eneo la Kijabe kwenye skripti.

Ukitumia Gmail, nywila yako ya kawaida itakataliwa. Washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili, kisha uombe nywila ya programu, yenye herufi 16. Hiyo ndiyo skripti itakayotumia. Usimpe mtu faili yenye nywila hiyo, hata fundi wa saiba.

Wengi hukosea hapa: huiagiza skripti iandike tu pale mvua kubwa inapotarajiwa. Wiki mbili zikipita kimya, utajuaje kama ni kiangazi, au stima ilipotea, bando likaisha, au kompyuta ililala? Cron hairudii kazi iliyopita mashine ikiwa imezimwa. Task Scheduler inaweza kuirudia, lakini ni lazima uchague hivyo kwenye mipangilio. Tena, skripti ikikwama chini ya cron, ujumbe wa kosa kwa kawaida hubaki ndani ya kompyuta ileile, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Kwa hivyo iandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja tu: "Hakuna mvua kubwa usiku huu." Jioni ambayo barua haikufika, piga simu kwa jirani au usikilize redio. Mpe mtu mwingine nakala pia, kwa sababu simu yako inaweza kuwa imezima chaji.

Skripti haioni mtaro ulioziba. Huo unaripotiwa kwa chifu au ofisi ya wadi, na tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ikitolewa, ifuate hiyo hata kama barua yako inasema usiku utakuwa mkavu.