Elimu ya Watu Wazima: Toroli la Dharura na Dawa Zilizokwisha Muda

Leo nasema na wauguzi na wahudumu wa vituo vya afya, pamoja na wajumbe wa kamati za vituo hivyo, kama wenzetu wa hapa Makole, mjini Dodoma. Kazi yangu mimi ni elimu, si uganga. Lakini jambo la leo ni kusoma tarehe na kutunza daftari, na hilo kila ajuaye kusoma aweza kulifanya.

Toroli la dharura ni meza ndogo ya magurudumu yenye droo. Humo huwekwa vitu vya kumwokoa mtu aliye hatarini: adrenalini kwa moyo uliosimama, au kwa mtu aliyeumwa na nyuki akavimba koo, glukosi kwa aliyepungukiwa sukari, maji ya kutia mshipani, mipira ya kupitishia hewa, sindano na glavu.

Sasa tazameni shida yake. Dawa za kila siku hutoka upesi, hazipati nafasi ya kuzeeka. Dawa ya toroli hungoja. Yaweza kungoja mwaka mzima isiguswe, na siku ikitakiwa, hutakiwa kwa dakika. Muuguzi aliye peke yake usiku, na mgonjwa mbele yake hapumui, hana wasaa wa kuinua kichupa kwenye taa na kutafuta tarehe. Tarehe hiyo yapasa iwe imekwisha kusomwa mchana.

Tarehe ya mwisho maana yake ni nini? Ni ahadi ya mtengenezaji kwamba dawa iliyofungwa na kutunzwa kama ilivyoandikwa itakuwa na nguvu yake hadi siku ile. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, kwa mfano 8/2027, hutumika mpaka siku ya mwisho ya Agosti. Lakini ahadi hiyo ina sharti. Vichupa vingi huandikwa vikae chini ya digrii 25 au 30, na hapa Dodoma, Oktoba na Novemba kabla ya mvua, joto la mchana hupita 30. Adrenalini huharibiwa na joto na mwanga. Ukiona imegeuka rangi ya waridi au ya kahawia, iondoe hata kama tarehe bado. Oksitosini, ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, hutaka friji, digrii 2 hadi 8. Basi katika toroli iwekwe kadi tu ya kuonyesha friji ilipo.

Huenda msikilizaji atauliza: Je, dawa iliyokwisha muda jana, leo imekuwa sumu? Kwa kawaida sivyo. Marekani, tangu mwaka 1986, hupima dawa za akiba za jeshi, na nyingi zimeonekana nzima baada ya tarehe. Lakini hizo zilitunzwa vizuri, tena zikapimwa katika maabara. Sisi kwa macho hatuwezi kupima nguvu. Na ziko zilizodhuru: mwaka 1963 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa walioumia figo kwa kumeza tetrasaiklini iliyoharibika.

Tufanyeje basi? Sikilizeni taratibu.

Kwanza, Bohari ya Dawa inapoleta mzigo, someni tarehe kabla ya kutia sahihi.

Pili, toroli liwe na kadi yenye jina la kila kitu, idadi na tarehe yake. Juu yake iandikwe kwa herufi kubwa tarehe iliyo karibu kuliko zote. Kisha toroli lifungwe kwa lakiri yenye namba. Lakiri ikiwa nzima, zamu yatazama namba na tarehe ile moja tu. Ikikatwa, vyote vihesabiwe upya.

Tatu, msingoje tarehe ifike. Miezi mitatu kabla, kitu kihamishwe kiende wodi inayokitumia kila siku, na toroli lipewe kipya. Hivyo hakuna kinachotupwa, na fedha ya wananchi haipotei. Msisahau vyombo: betri huisha, na vibandiko vya mashine ya kushtua moyo hukauka.

Nne, kilichokwisha muda kiondoke siku ile ile, kiandikwe katika leja, kifungiwe mbali chenye alama. Kisitupwe jalalani, watoto wakakiokota, au mlaghai akakifuta tarehe na kukiuza. Uteketezaji hufanywa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hadi 2019 iliitwa TFDA.

Wajumbe wa kamati, ninyi hamkatazwi kuuliza: "Sista, tarehe ya toroli letu ni ipi?" Swali hilo si la kumshuku mtu. Mgonjwa wa kesho aweza kuwa mwanao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Toroli lina maji ya mshipani ya 8/2027, adrenalini ya 11/2027 na glukosi ya 3/2028. Juu ya kadi iandikwe tarehe gani? Ni kitu gani kitakachohamishwa kwanza, na ifikapo mwisho wa mwezi gani?

2. Katika kituo chenu, nani hukagua toroli, naye akiwa likizo, nani humshikia?

Jibu la swali la kwanza: 8/2027, ni maji, mwisho wa Mei. La pili mtalijibu wenyewe. Kwa herini.