Hedhi Inapokoma: Dawa ya Homoni na Kipimo cha Haki

Mwanamke aliyekwisha kulea watoto, na pengine kuwaona wajukuu, huanza ghafula kuhisi joto kali likimpanda kifuani hadi usoni. Jasho humtoka, moyo humwenda mbio, na baada ya dakika chache hutetemeka kwa baridi. Usiku huamka shuka zimelowa. Asubuhi huwa mchovu na mwepesi wa hasira. Mume hudhani amechukiwa, na watoto husema mama amebadilika. Naye, kwa haya, hunyamaza.

Jambo hili si ugonjwa wala si aibu. Qur'ani Tukufu, katika Sura At-Talaq, imewataja wanawake waliokata tamaa ya hedhi na kuwawekea hukumu ya eda yao. Sababu yake mwilini ni kupungua kwa homoni iitwayo estrojeni. Hedhi ikikosekana miezi 12 mfululizo huhesabiwa kuwa imekoma, na wengi hufikia hali hiyo baina ya miaka 45 na 55.

Dawa ya kurudisha homoni hiyo si mpya. Huko Marekani vidonge vya Premarin, vitengenezwavyo kwa mkojo wa farasi majike wenye mimba, viliidhinishwa mwaka 1942. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson alitoa kitabu cha kuisifu dawa hiyo, kana kwamba yaweza kumzuilia mwanamke uzee. Wengi wakaikimbilia. Mwaka 1975 ikadhihirika kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huzidisha saratani ya mji wa mimba. Ndipo ikaongezwa homoni ya pili ili kuukinga.

Kisha ikaja hofu. Mnamo Julai 2002 uchunguzi wa wanawake 16,608 wa Marekani ulisimamishwa kabla ya muda wake. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni mbili kwa mwaka mmoja, 38 walipata saratani ya matiti. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikuwa 30. Kiharusi na kuganda kwa damu viliongezeka pia, ingawa kuvunjika nyonga kulipungua. Habari hizo zikaenea kwa kishindo. Wanawake wengi wakaacha dawa, na wengine wao wakarudiwa na joto na usiku wa kukesha.

Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na wengi wao hedhi ilikuwa imekoma zamani. Wataalamu walipopima upya, waliona kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi yake kukoma, faida ya dawa hiyo kwa anayetaabika kwa kawaida huzidi madhara yake. Haimfai kila mtu. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, au damu kuganda katika mishipa, hana budi kumweleza daktari mapema, kwani kwa kawaida hashauriwi kuitumia.

Mwenye kuchelea mkojo wa farasi naajue kwamba ipo estrojeni itokanayo na mimea. Ipo pia ya kubandikwa ngozini, ambayo hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko ya vidonge. Na damu ikionekana baada ya hedhi kukoma, mwanamke asitosheke na kuuliza hukumu ya sala tu. Amwone daktari upesi, maana yaweza kuwa dalili ya saratani.

Enyi waume, na ninyi vijana, mama asiachiwe kubeba mzigo huu peke yake. Mwulizeni hali yake kwa upole, msindikizeni hospitali, na uamuzi wa kutumia dawa au kuiacha uwe wake, baada ya kuelezwa ukweli wote. Kulikuwa na sifa zilizopita kiasi, kukawa na hofu iliyopita kiasi. Nasi tumeamrishwa kupima kwa uadilifu.